Nani Kaupanda Mkilua

Kwenye arobaini ya Mjomba Kondo, mwezi uliopita, nilipangwa upande wa vitunguu. Shughuli za Kibuta zina mpangilio wake hadi leo: wanaume mbele kwenye majamvi, wanawake nyuma kwenye masufuria, na mgeni aliyetoka Kibaha hupewa vitunguu ili machozi yake yasihojiwe. Tulikuwa tunamenya huku tunamsema marehemu kwa adabu, yaani kila neno linaanza na Mungu amrehemu na kuishia pasipostahili. Mungu amrehemu, alikuwa mkavu. Mungu amrehemu, salamu yake ilibidi uivute. Kisha mama mmoja, ambaye mwaka ninaousimulia alikuwa bado hajazaliwa, akasema, "Si ndiye aliyemnyima mkewe ua? Mwanamke yuko kitandani anakufa, anaomba ua tu anuse, yeye anakwenda kuyakata maua yangali machanga." Wenzake wakaguna. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikasimama na kisu mkononi nikitaka kujibu, kisha nikaketi nikachukua kitunguu kingine. Nilirudi nyumbani Misugusugu, huku Kibaha, na harufu ya vitunguu viganjani na hasira ambayo haijaisha mpaka leo. Maua yalikatwa kweli, niliona kwa macho yangu. Lakini hakuna hata mmoja pale jikoni aliyejua kwa nini.

Ulikuwa mwaka niliomaliza darasa la saba na jina langu halikutoka kwenye orodha ya sekondari. Nyumbani hawakunisema, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa sababu kila mtu alikuwa mpole kwangu kama vile nina homa. Shangazi Chausiku, dada yake baba, alikuwa anaumwa huko Kibuta na hakuwa na mtoto wa kumtazama, kwa hiyo nikapelekwa mimi. Mume wake ndiye huyo Kondo, ambaye tulizoea kumwita Mjomba. Tangu siku ya kwanza niliishi kwa wasiwasi. Niliogopa kuunguza uji, niliogopa kuchelewa kisimani, niliogopa kuingia chumbani kwa Shangazi nikamkuta hapumui. Nilikuwa nasimama mlangoni kwanza nikitazama khanga yake inavyopanda na kushuka kifuani, ndipo nabisha hodi. Mjomba hakunisaidia. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikula kisamvu chake akitazama ukuta. Nikimpa maji ya kunawa alisema "Haya," na hilo lingeweza kuwa neno lake la siku nzima.

Chumba cha Shangazi kilikuwa na dirisha dogo la mbao, kitanda cha kamba, na sanduku la bati lenye nguo alizozihifadhi na maua makavu. Kabla ya kuugua ndiye aliyefunga vikuba vya Kibuta nzima. Kikuba ni kile kifurushi kidogo cha majani na maua ya kunukia, rehani, asumini, na katikati yake kilua, ambacho bibi harusi huvaa kifuani na mwali hufungiwa siku ya kutolewa ndani. Kilua ndicho roho ya kikuba. Ni ua dogo, linaning'inia chini ya jani utadhani linaona haya, halina uzuri wa kumwita mtu, lakini likikomaa likageuka rangi unalisikia kabla hujafika mlangoni. Mkilua wake wa zamani ulikuwa umeungua msimu uliotangulia, moto wa jirani aliyekuwa akisafisha shamba uliporuka mpaka. Shangazi aliniambia aliulilia mti ule kuliko alivyowahi kumlilia mtu, halafu akacheka, halafu akashika tumbo kwa maumivu.

Kilichomtesa kuliko maumivu ni harufu. Ule ugonjwa ulikuwa na harufu yake, na mwanamke aliyenukiza maharusi wa watu maisha yake yote alikuwa anaisikia kuliko sisi. Wageni wakija kumjulia hali alijifunika mpaka kidevuni na kusogea ukutani. "Shikamoo, Shangazi," nilikuwa nasema nikiingia, naye kabla ya marahaba ananiambia nifungue dirisha, hata kama lilikuwa wazi tayari. Nilichoma udi, nilitandika rehani chini ya mto, nilifua mashuka mpaka mikono ikachubuka. Alishukuru kila kitu, kisha akasema, "Ungekuwapo mkilua wangu." Sikumlaumu, ila nilianza kuuonea wivu mti uliokufa.

Tulimpeleka hospitali Tumbi, tukafikia nyumbani kwetu Kibaha, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikibeba chupa ya uji na bakuli kati ya nyumbani na wodini. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido, upande wa pili wa mlango uliofungwa nusu, nikamsikia daktari anazungumza na Mjomba. Alisema kwa sauti ya chini, na kwa upole, kwamba uvimbe umeshasambaa na kwamba kumpasua itakuwa kumtesa. "Mrudisheni nyumbani, mzee. Mpeni chochote anachokipenda." Mjomba akauliza, "Hata kama ni ua?" Daktari nadhani hakuelewa, maana alijibu kwamba hata soda si mbaya. Mjomba alitoka akanikuta pale na bakuli langu, akajua nimesikia. Akanipokea chupa ya uji akaibeba yeye. Mpaka hapo hakuwahi kunipokea kitu.

Tuliporudi Kibuta alichukua baiskeli yake akaenda hadi kwenye mahame ya mama mkwe wake, ng'ambo ya vilima, ambako nyumba ilishaanguka na msitu umeingia uani. Alirudi kesho yake amefunga kwenye keria mkilua mchanga uliofika kiunoni kwangu, mizizi yake yote na udongo wake ndani ya gunia lililolowa. Akauegemeza kivulini nyuma ya nyumba, akamwambia Shangazi kupitia dirishani, "Umefika. Ukipata nguvu utaupanda." Akaenda shamba. Shangazi hakupata nguvu siku ile, alilala. Jua likazunguka, kivuli kikahama, gunia likakauka, majani yakaanza kunyong'onyea, nami nikazidi kuhangaika. Mti umetoka mbali namna ile uje ufie mikononi mwangu? Nikachimba shimo chini ya dirisha la Shangazi ili harufu isihangaike kumtafuta, nikaweka samadi ya mbuzi, nikaushusha mti, nikarudishia udongo kwa mikono yangu miwili na kuukandamiza. Nilipomaliza nilijisikia mtu. Tangu majina ya sekondari yatoke sikuwa nimejisikia hivyo.

Mjomba alirudi, akaweka jembe chini, akasimama. "Nani kaupanda?"

"Mimi, Mjomba." Nikangoja sifa.

"Umeshika udongo? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo. Ulikuwa unakauka."

Alichuchumaa pale pale, akafunika mdomo kwa kiganja. "Shangazi yako kaona?"

"Kalala."

"Akiuliza, nimepanda mimi. Umesikia? Na yeyote akiuliza, mimi."

Nilisema ndiyo, nikaenda jikoni nikasonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukalia. Ndivyo walivyo watu wazima, nilijiambia, jasho langu na sifa zake.

Mti ulishika. Masika ilitusaidia, kisha kiangazi kikaja na mimi nikawa na kazi ya kuubebea maji asubuhi na jioni, maana mkilua ni mti wa msituni, haupendi jua la wazi wala udongo mkavu. Niliusimikia makuti upande wa magharibi, nikautandazia majani makavu kwenye shina. Shangazi alikuwa amepungua mpaka mto ulimzidi, lakini kila nikiingia na uji aliuliza, "Umetoa?" Hakuuliza kingine. Vuli ilipoanza kunyesha niliviona: vitumba vidogo vya kijani chini ya majani, nikaingia ndani nikipiga kelele. Shangazi akafumba macho, akatabasamu, akaniambia nisivihesabu kwa kidole, vitaona haya. Asubuhi iliyofuata havikuwepo.

Sijui kama naweza kueleza hofu ya majuma yale. Nililaumu kuku, nikazungushia miiba. Nililaumu viwavi, nikamwaga majivu. Nililaumu mbuzi wa jirani, nikagombana na jirani. Vitumba vilitoka upya upande mwingine, nami nikaenda kuvichungulia mara nyingi kiasi kwamba niliunguza kunde, na bado vikatoweka, vyote, vimekatwa safi kwenye kikonyo. Na ndani kuna mtu ananiuliza, "Umetoa?" huku sauti yake inazidi kuwa ndogo. Nilianza kudanganya. Nilisema bado kidogo, nilisema mvua haijatosha. Alinitazama usoni kwa huruma, na nikajua anadhani mti umekufa na mimi naogopa kumwambia. Nilikonda mwaka ule. Mama alipokuja kututembelea aliuliza ni nani hasa mgonjwa.

Nilimkamata mwizi mchana kweupe, baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimerudi kisimani mapema, ndoo kichwani, nikamwona Mjomba amepiga goti mbele ya mkilua na kofia yake mkononi. Alikuwa anapindua jani moja moja kwa uangalifu, na akikipata kitumba anakibana kwa kucha mbili, anakitia ndani ya kofia. Alifanya taratibu na hakuwa na uso wa mtu mwenye hasira. Nilirudi nyuma mpaka nyuma ya banda, nikaketi juu ya ndoo yangu. Mwanamume aliyefuata mti ng'ambo ya vilima kwa baiskeli, sasa anaukata maua! Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Kama ningekuwa na mahali pa kwenda ningekwenda, nimwache na ukuta wake.

Nilikwenda kwa Bi Mkegani, kikongwe jirani yetu aliyekuwa rafiki wa Shangazi. Alikuwa anapepeta mpunga. Nilimwaga yote, naye aliitikia "Hee! Hee!" na ungo hausimami, mpaka akaniuliza swali moja.

"Kwani mkilua ule nani kaupanda?"

Nikakumbuka agizo. Lakini nilikuwa nimeshamchukia mwenye agizo. "Mimi."

Ungo ukasimama. Aliuweka chini, akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe mtoto, huko kwenu Kibaha hawafundishi watoto kitu? Mkilua haupandwi na mwenye siku nyingi mbele yake. Tunapanda sisi, tuliomaliza. Anayeupanda, ukichanua ua la kwanza, humwita."

"Kumwita wapi, bibi?"

"Wanakoitwa watu," akasema.

Nikauliza kwa nini basi Mjomba asiung'oe. Alinishika mkono kwa nguvu nisizozitegemea. Kuung'oa, alisema, ni kumwita mpandaji siku hiyo hiyo, kabla ya zamu yake. Hakuna la kufanya ila usichanue. "Huyo mwanamume," alisema Bi Mkegani, akaishia hapo, akarudi kwenye mpunga wake.

Nilirudi nyumbani. Leo nikisimulia hivi wajukuu wangu hucheka, na mimi nimefundisha watoto wa shule kuhusu chavua na mbegu hadi nikastaafu, kwa hiyo nacheka nao. Siku ile sikucheka. Nilikuwa na umri ule ambao mtu bado hajafika popote, hata sekondari hajafika, na nimeambiwa naweza kuitwa. Nilijipapasa shingo nikitafuta homa. Na juu ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine iliyonisonga zaidi: kila kitumba kilichokatwa kwa ajili yangu kilikuwa kimetolewa mdomoni mwa Shangazi. Mmoja wetu lazima akose. Mjomba alikuwa amechagua, peke yake, kila alasiri, bila kumwambia mtu, tena amechagua mtoto wa shemeji yake badala ya mkewe. Jioni nilipompelekea maji ya kunawa nilishindwa kumtazama. Akasema "Haya," nikaona kucha zake mbili ni za kijani.

Shangazi alijua kabla sijaamua la kufanya. Ukuta wa udongo hauzuii maneno, na Bi Mkegani hakuwa mtu wa kunong'ona. Asubuhi yake alikuja uani kumsema Mjomba kwa siri, chini ya dirisha lile lile. Shangazi akatuita wote ndani. Alikuwa ameketi, jambo ambalo hakulifanya kwa muda mrefu, ameegemea sanduku la bati.

"Kondo. Nani kaupanda mkilua wangu?"

"Mimi," akasema Mjomba.

"Nimeuliza nani kaupanda."

Mjomba akatazama ukuta. Mimi nikaanza kulia, na hilo likawa jibu. Shangazi akanyoosha mkono nikakaa karibu yake, na kwa mara ya kwanza hakusogea ukutani kunificha harufu. "Unalia nini? Maneno ya wazee hayo," akasema. "Nimefunga vikuba miaka yote, nimeona miti hii inapandwa na kila mtu. Mimi siyaamini hata kidogo. Futa machozi, uninyweshe uji." Bi Mkegani akaguna kwa mshangao, maana yeye na Shangazi ndio waliokuwa wakiwaambia wasichana wote maneno hayo. Shangazi akamtazama mpaka akanyamaza.

Nilimnywesha uji. Alipomaliza kikombe, kitu ambacho hakikuwahi kutokea mwezi ule, akasema, "Nitoeni nje."

Mjomba alimbeba. Hakuwa mzito tena, lakini alisikia maumivu kila hatua na hakutoa sauti. Tukamtandikia mkeka chini ya dirisha, mbele ya mkilua, akasema anataka kifuu cha nazi. Nikamletea. Akaondoa majani makavu niliyoyatandaza, akaanza kuchota udongo kwenye shina, kidogo kidogo, kifuu kinamponyoka anakiokota. Nilipotaka kumsaidia akanipiga kofi la mkononi, dogo, la kweli. "Usiguse." Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake, naye akaelewa kabla yangu.

"Chausiku, usifanye hivyo. Unajiita mwenyewe."

"Mimi nimeshaitwa, Kondo. Mtu haitwi mara mbili."

Alichimba mpaka mizizi ya juu ikaonekana. Akapumzika, ameegemea mguu wa mume wake, jasho linamtiririka. Kisha akatema mate kidogo kwenye kiganja, akasema bismillahi, akarudishia udongo wote kwa mikono yake, akaukandamiza kwa vidole vyake vilivyobaki mifupa, huku na huku, mpaka pakawa pameshikamana. Akaniambia nimpe maji, akaumwagia mti mwenyewe.

"Mti ni wa mkono wa mwisho," akasema. "Sasa nani kaupanda?"

"Wewe, Shangazi."

"Sema kwa sauti, Kondo asikie. Ana masikio mazito."

"Wewe, Shangazi!"

Mjomba akageuka akaenda nyuma ya banda. Alikaa huko mpaka adhana.

Sijui kama desturi inakubali mkono wa mwisho. Nimewauliza wazee wengi tangu hapo na hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo, na mmoja aliniambia wazi kwamba shangazi yangu alilitunga. Mjomba hakukata tena. Mti ulishtuka kwa kuchokonolewa, ukadondosha majani, nikadhani tumeupoteza pamoja na Shangazi, maana baada ya siku ile hakuketi tena. Kitumba kimoja kilibaki upande wa ukutani. Nilikiona kinatoka kijani kuingia manjano, sikumwambia mtu, na nilisali kwa kuchanganyikiwa kabisa: kichanue haraka, kisichanue kamwe. Asubuhi moja nilikuwa nawasha moto nikaisikia harufu, ikanisimamisha. Nilikimbia. Nilimkuta Mjomba ameshafika. Alilichuma kwa kucha zake zile zile, akaliweka kwenye kisahani cheupe cha kikombe, akaingia nalo ndani akilikinga kwa kiganja ingawa hapakuwa na upepo.

Shangazi alilitia kwenye pindo la khanga, akafunga fundo, akaliweka puani. Chumba kizima kilinukia. Alisema tuwaite wageni, na watu walipokuja hakujifunika. Alifariki juma lile lile. Bi Mkegani, aliyemwosha, alisema lile fundo walilikuta kiganjani.

Mjomba aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuoa. Maneno ya kwamba alimnyima mkewe ua aliyasikia, na hakuwahi kuyajibu, kwa kuwa kuyajibu kungekuwa kunitaja. Mimi nilirudi Kibaha, nikarudia mtihani, nikaishi, nikazeeka. Wajukuu wakiniuliza kama ninaamini habari za mkilua, ninawaambia siamini. Shangazi naye alisema haamini. Lakini alitoka kitandani, hali yake ikiwa vile, akachimba.